Bima ya Saa ya Tadicha

Pale Kiwanjani, kati ya duka langu la rangi na banda la kahawa la Kinsi, kuna benchi refu la mbao lililoachwa na mkandarasi aliyekuja kujenga vibanda vya soko akaondoka kabla ya kuezeka. Hapo ndipo tunapokaa. Ukipita asubuhi utamkuta Diba, mfugaji aliyehamia mjini, ambaye tunamwita Setilaiti kwa sababu utakayoisikia. Utamkuta Gichunge wa miraa, aliyewahi kugombea kiti cha wadi akapigiwa kura na watu wa nyumbani kwake, tena si wote, na tangu siku hiyo jina lake ni Mheshimiwa. Utanikuta na mimi, Githae, ambaye hapo benchini naitwa Misumari, kwa ile ninayouza pamoja na rangi. Kinsi mwenyewe hana jina la utani. Aliyejaribu kumbandika alinyweshwa kahawa baridi mpaka akaomba msamaha. Tumebishana mengi kwenye benchi lile na mengi yameishia hapohapo. Lakini ule ubishi wa saa ya Tadicha bado ninao kichwani, na nitausimulia jinsi ulivyokuwa.

Tadicha ni dereva wa ambulensi ya kaunti. Kabla ya mambo ya kaunti, mgonjwa wa Oldonyiro aliletwa mjini juu ya lori la mbuzi, au hakuletwa kabisa. Magari yalipokuja, Tadicha alikuwa kati ya madereva wa kwanza kuandikwa, na barabara ile ya vumbi ameikanyaga mpaka anajua jiwe gani limehama. Ni mtu mpole, Mborana mrefu mwenye mvi kidogo, na benchini huongea kwa zamu yake tu. Lakini akiwa na mgonjwa nyuma, hanyamazi. Anaacha kidirisha cha nyuma wazi na kutaja kila mahali wanapopita: sasa tumeteremka kwenye lagha, mto huu wa msimu, mchanga ni mkavu, usiogope, sasa Kipsing ile pale, watoto wanatupungia mkono, sasa tumeanza Leparua. Nesi mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini anawachosha wagonjwa kwa maneno. Tadicha akamwambia kwamba mtu aliyelala chali haoni barabara, anaona bati la gari peke yake, na asiyeona barabara hudhani haina mwisho.

Mmoja wa watu aliowaleta hivyo ni Warsame, mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa ametoka arusini kwa jamaa zake na nguo zake nzuri, akapitia mnada wa Oldonyiro, na wakati wa kurudi gari lake likabingirika. Mkono ulianza kuvimba njiani. Tadicha akasimamisha gari, akamvua saa kabla haijamkata, akaitia mfukoni, na walipofika hospitali akamkabidhi nesi mbele ya ndugu zake Warsame. Kisha akaenda kuosha gari, akasahau.

Warsame hakusahau. Miezi mingi baadaye alikuja benchini akitembea na fimbo.

— Salaam aleikum, akasema. Namtafuta mtu aliyenisomea barabara.

Tulimwonyesha Tadicha. Warsame alikaa karibu naye, akatueleza kwamba siku ile alikuwa tayari ameshakubali kufa. Alikuwa amechoka na maumivu, na macho yanafungika yenyewe. Kitu pekee kilichomshika ni ile sauti ya mbele. Kila ikitaja mahali, alitaka kusikia mahali panapofuata, na hivyo hivyo akajikuta mjini. Alipomaliza kusema alivua saa yake na kumfunga Tadicha mkononi. Tadicha alirudisha mkono nyuma. Alisema kazi ile analipwa na kaunti.

— Mkono wangu ulipovimba, uliivua wewe ukairudisha, Warsame akamwambia. Sasa mkono umepona. Leo naivua mimi.

Tadicha akakubali. Nadhani hakuna kati yetu aliyekunywa kahawa yake ikiwa moto siku ile.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini Mheshimiwa aliipiga saa ile picha na kumtumia binti yake Kathure, anayefanya kazi Nairobi, ili kumwonyesha tu. Kathure alipiga simu mbio, akauliza saa hiyo iko kwa nani na kama mwenyewe anajua ni nini. Alisema mtu akiiuza anaweza kununua ploti pale Kiwanjani, ajenge nyumba ya mawe, na abakishe ya kununua tangi la maji. Mheshimiwa, kwa furaha yake, akayarudia maneno hayo kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kufikia adhuhuri mji wote ulikuwa umesikia.

Tangu siku hiyo Tadicha alibadilika. Saa aliivua, akaizungushia kitambaa na kuizika ndani ya pipa la unga. Mkewe Maryan alipokwenda kupika ugali aliiibua kwa kikombe, akapiga kelele akidhani ni mnyama. Ikahamia darini. Panya wakakimbia darini, Tadicha akakesha. Ikahamia chini ya godoro, na hapo hata Maryan naye hakulala. Maryan alikuja kwa Kinsi kununua tangawizi, akalalamika kwamba mumewe sasa anaulizia kufuli kabla hajaulizia watoto. Hata kijiweni alikuwa akija anakunywa nusu kikombe, kisha anainuka kwenda kuangalia mlango. Akisafiri kwenda Oldonyiro alimpigia Maryan kila mahali penye mtandao.

Ndipo asubuhi moja alipokuja na kutuambia, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba amesikia kuna bima ya vitu vya thamani, na anataka kujua tunaonaje.

Hakupaswa kutuuliza sisi.

Mheshimiwa alianza. Alishikilia kwamba saa ile ilipatikana dereva akiwa kazini, ndani ya gari la kaunti, kwa mafuta ya kaunti, kwa hivyo ni kaunti inayopaswa kuikatia bima. Alitaka hoja ipelekwe bungeni, kamati iundwe, na kamati hiyo isafiri nje ya nchi ikajifunze jinsi wenzetu wanavyotunza saa. Nilimuuliza kama kaunti ikilipa bima haitaidai saa. Alifikiri, akakubali kwamba huenda ikabidi gavana aivae sikukuu za taifa, na Tadicha asimame karibu naye.

Diba alikuwa na wazo lake. Yeye anaitwa Setilaiti kwa sababu wakati wa ukame mkubwa ng'ombe wake walikuwa na bima, ile ya kupimwa nyasi kutoka angani, na ilipolipa, yeye hakuwa amepoteza hata ndama. Tangu hapo anaiamini mitambo ya angani kuliko majirani.

— Wale hawakuuliza ng'ombe amekufa, akasema. Waliuliza nyasi iko wapi. Hii saa ipakwe rangi ya kijani, iwekwe mahali pa wazi. Siku ile kijani itapotea, wataona huko juu, na watalipa kabla hata polisi hajaamka.

Nikamwambia kwamba rangi ya kijani ninayo dukani, ya mabati na ya mbao, achague. Alichukulia kwamba nimemuunga mkono. Lakini nami nilikuwa na maoni yangu, na wakati ule niliyaona ya maana. Nilipendekeza Tadicha anunue saa ya bandia inayofanana na ile, hiyo ya bandia ndiyo akatie bima na kuivaa, na ile ya kweli aseme ni ya bandia. Mheshimiwa akaniuliza, mwizi akiiba ya kweli akidhani ni ya bandia, kisha airudishe kwa hasira, nani atakuwa amemwibia nani. Tulibishana juu ya hilo mpaka watu waliokuwa wanakwenda sokoni wakasimama kusikiliza. Kinsi alitunyamazisha. Yeye alisema saa izikwe chini ya jiko lake, kwa kuwa hakuna mwizi anayechimba moto. Hakutaka kusikia kwamba itaiva.

Tadicha alitusikiliza wote, kwa heshima yake, kisha akampigia simu Sheila.

Sheila ni ajenti wa kampuni ya bima iliyofungua ofisi juu ya maduka ya simu mjini. Alikuja kesho yake kwa bodaboda na mkoba wake wa kazi, akatusalimia mmoja mmoja, akaagiza kahawa. Hakuwa mtu wa kudanganya wateja, na nampa heshima kwa hilo. Alieleza kila kitu waziwazi. Saa ingepelekwa Nairobi ipimwe thamani. Nyumbani pangewekwa kasha la chuma lililofungwa sakafuni kwa bolti. Mlango ungebadilishwa na madirisha yatiwe vyuma. Kila mwaka angelipa kiasi cha bei ya fahali mmoja mnono. Na kwa sababu ya hali ya usalama na ya barabara, saa isingevaliwa nje ya mji.

Wakati Sheila anaeleza hayo, mama mmoja Mturkana alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mtoto mchanga mgongoni, na mfuko wa hospitali miguuni. Alikuwa amefika kimya, akasema habari zenu, akamwambia Kinsi kwamba ametolewa hospitali na ameelekezwa hapa kungojea gari linalorudi Oldonyiro. Jina lake Magdaline. Kinsi alimpa chai ya maziwa, akakataa kulipwa. Sisi hatukumjali sana. Tulikuwa tumemkazia macho Sheila.

Tadicha ndiye aliyeuliza:

— Nisipoivaa Oldonyiro, na kazi yangu iko Oldonyiro, nitaivaa lini?

— Kwa arusi, mzee, Sheila akamjibu. Ukitujulisha mapema.

Magdaline aliweka kikombe chini. Alimgeukia Tadicha, akamtazama kama mtu anayetafuta kitu.

— Ni wewe, akasema. Sikukuona uso siku ile. Lakini sauti ni hii.

Akainuka, akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alituambia kwamba uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya tumboni, na mwanamke wa kijijini kwao aliyekuwa hivyo mwaka uliopita alizikwa. Yeye aliletwa na ambulensi hii. Madaktari walimpasua, mtoto akatoka amechoka, akawekwa kwenye mashine siku nyingi, na sasa amekubali kunyonya. Aligeuka ili tumwone mtoto mgongoni. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Magdaline akamshukuru Tadicha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiturkana, kama kwamba lugha moja haikutosha. Tulifurahi sote. Mheshimiwa alikuwa tayari ameanza kukohoa ili atoe hotuba.

— Lakini nilitaka kukuuliza kitu kimoja, Magdaline akasema. Ulikuwa unaniambia barabara. Lagha, Kipsing, watoto, yote. Tulipofika Leparua ukanyamaza. Mpaka mjini hukusema tena. Ilikuwa ni nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyelala na swali muda mrefu. Kisha akaendelea kueleza. Alisema sauti ilipokatika, alifikiri nesi amempa dereva ishara ya mkono kwamba mtoto ameshaenda. Nesi alimwambia mtoto yuko, anacheza, amsikilize. Yeye hakumwamini. Aliamini ule ukimya. Kuanzia Leparua mpaka hospitali alimlilia mtoto ambaye alikuwa hai.

Tulijua sote ilikuwa siku gani. Ni siku ile Maryan alisafiri kwenda Garba Tulla kumwona mama yake, nyumba ikabaki bila mtu, na Tadicha akarudi jioni na kutuambia, huku anafuta jasho, kwamba njiani pale Leparua alikumbuka hakumbuki kama alifunga kufuli. Tulicheka siku ile. Nilicheka nami.

Mheshimiwa alitazama viatu vyake. Diba alitazama juu. Sheila alikuwa bado ameshika kalamu, hajui kilichotokea, lakini alikuwa na akili ya kutosha kutouliza.

Mkono wa Tadicha ulikuwa bado ndani ya mikono ya Magdaline.

— Hakukuwa na kitu kibaya kwako, mama, akasema. Wala kwa mtoto. Mimi ndiye nilikuwa nimetoka ndani ya gari. Mwili ulikuwa kwenye usukani, mimi nilikuwa nyumbani naangalia mlango. Unisamehe.

— Lakini ulitufikisha, Magdaline akasema.

— Nilikufikisha. Nesi ndiye aliyekaa na wewe.

Magdaline akasema kwamba nesi ameshamshukuru yeye mwenyewe, na dereva naye anamshukuru, na hao wawili hawapunguziani shukrani. Akarudi mahali pake, akamalizia chai yake.

Tadicha aliinuka akaenda nyumbani. Si mbali, ni nyuma ya msikiti. Aliporudi saa ilikuwa mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona tangu Kathure alipopiga simu, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa ndogo. Alisimama kando ya duka langu akampigia Warsame. Hakujificha, tulimsikia. Alimuuliza kama ataona vibaya saa ikikwaruzwa, au ikipotea barabarani, kwa sababu ameamua kuivaa kazini bila bima yoyote, na kama Warsame hapendi, afadhali amrudishie leo, kwa shukrani ileile, waendelee kuwa ndugu.

Sauti ya Warsame ilitoka kwenye simu ikiwa kubwa kuliko simu yenyewe.

— Nilikupa saa, walalo, ndugu yangu. Sikukuandika soja wa saa.

Halafu akaongeza kitu ambacho hatukukisikia vizuri, na Tadicha akageuka upande ili tusimwone uso.

Alipokata simu alimwomba Sheila radhi kwa kumpotezea asubuhi. Sheila alifunga mkoba wake. Alisema kampuni yake kwa kweli isingekubali kuikinga saa inayokwenda Oldonyiro na kurudi, kwa hivyo wameachana kwa amani. Lakini aliuliza, kwa upole, kama watu wa benchi wangependa kuelezwa kuhusu bima ya familia, ya matibabu, si leo, siku nyingine. Tadicha akamwambia aje Jumatatu, Maryan atakuwepo, na Maryan ndiye wa kuzungumza naye. Niseme tu kwamba Jumatatu Sheila alikuja, Maryan akamuuliza maswali hadi mchana, na wakaandikiana. Mimi na Kinsi tulifuata baadaye. Diba bado anasubiri iletwe ya kupimwa kutoka angani.

Lakini siku ile, gari lilikuwa linarudi Oldonyiro. Magdaline alipoona Tadicha amechukua funguo, alibeba mfuko wake na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu ndiko alikojua. Tadicha akamzuia.

— Huko ni kwa wagonjwa, akamwambia. Wewe na huyu mzima mwenzako mtakaa mbele.

Akamfungulia mlango, akamshikia mtoto mpaka alipokaa sawa, akamrudishia. Kinsi alikuja mbio na mahamri ndani ya gazeti. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kumbebea mtu mzigo tangu agombee, aliuinua mfuko wa hospitali na kuuweka miguuni pa Magdaline. Gari likaondoka polepole, likazunguka kona ya msikiti, vumbi likabaki.

Hatukurudia ubishi. Diba ndiye aliyesema kwanza. Alisema Tadicha alimleta mama yake mwaka wa mafuriko, na mama akaishi miaka mitatu zaidi, akacheza na wajukuu, na yeye Diba hakuwahi kumwambia asante. Alidhani mtu hashukuriwi kwa kazi ya mshahara. Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua anayo, kwamba Kathure alizaliwa mapema na Tadicha ndiye aliyewakimbiza Meru enzi hizo akiendesha pikapu ya kukodi. Kinsi alisimama mlangoni mwa banda, hakusema ni nani wa kwake, akajifuta macho na kona ya shuka. Mimi ninaye mmoja aliyeletwa na Tadicha, ndugu yangu mdogo.

Sheila alikuwa hajaondoka. Alimwomba Kinsi kikombe kingine. Kinsi akainamisha birika, yakatoka matone na machicha ya tangawizi. Alisema kahawa imeisha, na mpaka awashe tena itachukua muda, anayetaka aende kwake.

Hakuna aliyeinuka. Duka langu lilikuwa wazi na mteja alikuwa ananiita, anataka rangi. Nikamwambia aingie ajichukulie. Kwenda Oldonyiro na kurudi ni safari ya siku nzima. Tukasogea, Sheila akapata mahali pa kukaa, tukamngoja Tadicha arudi.